Kanda ya Padri Mpelelezi

Seminari ndogo niliyosoma ilikuwa chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye madirisha ya madarasa, na kengele ya uji ilipogongwa ulikuwa umekwisha kurudi juu ulikotoka. Tulikuwa na televisheni moja na deki moja, vyote vikiwa vimefungiwa kwenye kabati la mbao ofisini kwa gombera, padri aliyekuwa mkuu wa seminari. Kila mwisho wa muhula, mitihani ikishapita, kabati lile lilifunguliwa, televisheni ikabebwa mpaka bwaloni, nasi tukaonyeshwa filamu. Filamu yenyewe ilikuwa moja, ile ile, miaka yote niliyokaa pale.

Gombera hakuwa mtu mkali, ila kwenye mambo ya filamu alikuwa na msimamo wake. Alisema kanda nyingine zote alizowahi kuletewa zilikuwa na mabusu au bunduki. Hii haikuwa na busu, na bunduki yake moja haikulia. Tena mhusika wake mkuu alikuwa padri. Kwa hiyo ilipita.

Ilikuwa filamu ya zamani sana ya Kiingereza, nyeusi na nyeupe, iliyotengenezwa kutokana na kitabu. Ilimhusu padri mmoja mwembamba wa kijijini, mwenye miwani minene na baiskeli iliyokuwa ikilia kila alipokanyaga pedali. Kanisani kwake palikuwa na picha ya kale ya Bikira Maria. Siku moja akaja bwana mtanashati, akajitambulisha kuwa fundi wa kusafisha picha za zamani, akakaribishwa chai, akapewa ile picha aisafishe, akatoweka nayo. Polisi wakaja, wakaandika, wakaondoka. Padri naye akaiegemeza baiskeli yake ukutani, akapanda treni kwenda kumtafuta mwizi peke yake. Alimfuata kwa vitu vidogo vidogo: harufu ya mafuta ya rangi kwenye kiti cha mkahawa, tiketi iliyokunjwa kwa namna fulani, neno moja alilolisikia kwa mama mwenye nyumba ya wageni. Mwishowe akafika kwenye mji wa bandari, akapanda ngazi za jengo bovu, akagonga mlango. Mwizi akafungua.

Hapo ndipo kanda ilipokuwa imekatika. Kabla mimi sijafika seminarini, deki iliwahi kuitafuna, na gombera akaikata sehemu iliyoharibika na kuiunganisha kwa gundi ya karatasi. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa, kioo kikajaa chenga na kelele kama za mvua juu ya bati, kisha tukajikuta tumerudi kijijini, ndani ya kanisa, mwizi akiwa juu ya ngazi anaitundika picha mahali pake, na padri amekaa kwenye benchi la nyuma akimtazama.

Walizungumza nini pale mlangoni? Gombera alikuwa amesoma kitabu, lakini kitabu hakikumsaidia mtu. Alituambia kwamba kitabuni mwizi hakurudi kabisa. Alikamatwa na polisi, na padri akawa anakwenda kumtembelea gerezani. Waliotengeneza filamu ndio walioubadilisha mwisho, na jambo hilo lilimuudhi gombera kila alipolisimulia. Sisi tulioipenda filamu tulikuwa upande wa filamu.

Kazi ya kuendesha deki ilikuwa yangu, kwa sababu mjomba wangu alikuwa fundi wa redio pale Mwembesongo na nilikuwa nimekua nikishika bisibisi. Kwa hiyo nilikaa mbele kabisa, sakafuni, na aliyekaa karibu nami siku zote alikuwa mwenzangu wa kitanda cha jirani. Huyu alikuwa mtoto wa milimani, kutoka upande wa Mgeta, aliyezungumza Kiswahili cha kuvuta mwisho wa sentensi kama Waluguru wengi wa juu. Alikuwa mpole, mwenye kucheka taratibu, na alipenda kulala na dirisha wazi hata kukiwa na baridi. Kila baada ya filamu bweni zima lilijadili yale maneno ya mlangoni. Wengine walisema padri alimtishia mwizi moto wa milele. Wengine walisema alimpa pesa. Mmoja aliyekuwa anasoma sana alishikilia kwamba padri alimwambia jina lake halisi, na mwizi akaona kwamba anajulikana. Rafiki yangu alipoulizwa alisema, "Mimi naona alimuuliza kama ameshakula." Bweni lilicheka mpaka mlezi akaja kutunyamazisha. Yeye hakujali. Alisema kwao mtu akifika mlangoni, au wewe ukifika mlangoni kwake, ndilo jambo la kwanza.

Baba yangu alikuwa askari magereza pale Kingolwira. Likizo moja nilimsimulia filamu nzima tukiwa tumekaa nje ya nyumba yetu ya kota, wafungwa wakirudi kutoka shambani na majembe mabegani. Alisikiliza kwa makini, maana aliwajua wezi kuliko alivyowajua watu wengine. Nilipomaliza aliniuliza kama yule padri alimkamata mwizi. Nikamwambia hapana, mwizi alirudi mwenyewe. Baba akasema basi huyo si mpelelezi, huyo ni padri tu, akanyanyuka kwenda kunawa. Nilikuwa na hamu ya kumwambia kwamba hicho ndicho nilichotaka kuwa, padri tu, lakini niliona haya. Nilidhani nitamwambia siku nyingine.

Nilikuwa kidato cha nne baba alipofariki. Aliugua kwa muda mfupi, tukamzika, na baada ya msiba ikabidi tuondoke kwenye nyumba ya serikali. Mama alitoka Mikese, kwa hiyo tulirudi huko, kwenye kiwanja cha bibi, karibu na pale mabasi ya Dar es Salaam yanaposimama. Mama alianza kukaanga maandazi na kuwauzia abiria. Mimi nilikuwa mkubwa kwa wadogo zangu wote.

Hakuna aliyeniambia nisirudi seminarini. Ningeweza kusema mama alinizuia, na watu wangeelewa, lakini mama hakuwahi kusema neno hilo. Alinifulia sare zangu, akazipiga pasi, akaziweka juu ya sanduku. Siku ya kuondoka ilipofika nilimwona amebeba beseni la maandazi kichwani na mdogo wangu wa mwisho mgongoni, akilikimbilia basi ambalo tayari lilikuwa limeanza kuondoka, na dereva hakusimama. Nilirudi ndani nikavua viatu. Sare zile alikuja kuzivaa mdogo wangu.

Rafiki yangu alikuja kunitafuta likizo iliyofuata. Alishuka Mikese akiwa na mfuko wa njegere kutoka kwao, akamsalimia mama shikamoo, akakaa kwenye kigoda jikoni akamsaidia kukata maandazi. Mama alimpenda tangu siku hiyo. Kwangu hakusema mengi. Alinieleza kwamba wamefunga shule, kwamba filamu ilionyeshwa kama kawaida, na kwamba aliyeshika deki safari hii hakujua kurekebisha picha, ikawa inatetemeka mwanzo mpaka mwisho. Jioni nilimsindikiza barabarani. Basi lilipokuwa linakaribia alisema kitanda changu bado hakijapewa mtu.

Nilimwambia apewe yeyote. Akaitikia kwa kichwa, akapanda.

Mjomba alinichukua Mwembesongo, nikajifunza kazi yake vizuri, na alipozeeka kibanda kikawa changu. Nilitengeneza redio, televisheni, baadaye simu, na nikaanza kukodisha na kufunga vipaza sauti kwenye harusi, mikutano na makanisa. Wadogo zangu walisoma. Nilioa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mwanamke mwenye akili nyingi na subira ya kadiri, tukapata watoto. Sina cha kulalamika. Lakini ilikuwa kwamba nikisikia kengele ya kanisa asubuhi, kabla akili haijaamka sawasawa, miguu ilitaka kushuka kitandani kuwahi sala. Iliendelea hivyo kwa miaka mingi. Niliamini mke wangu anadhani nina ndoto mbaya.

Siku rafiki yangu alipopewa upadri nilikuwepo, kwa sababu kazi ya vipaza sauti nilipewa mimi. Umati ulikuwa mkubwa, wanakwaya wamevaa vitenge vipya, akina mama kutoka milimani wameshuka na ngoma zao. Nilikaa pembeni ya altare, nyuma ya meza ya mitambo. Ukafika wakati ule ambao wanaopewa daraja hulala kifudifudi sakafuni, na watu wanaimba litania ya watakatifu wote. Walilala kwa mstari mmoja, mikono chini ya vipaji vya nyuso, katika kanzu nyeupe. Rafiki yangu alikuwa wa mwisho upande wangu, soli za viatu vyake zikinitazama. Pembeni yake palikuwa na nafasi ya sakafu, kiasi cha mtu mmoja, kisha zikaanza nyaya zangu. Nilikuwa nimevaa spika za masikioni na niliisikia ile litania kwa nguvu kuliko mtu yeyote pale ndani. Nilipunguza sauti kidogo, kwa sababu ilianza kuvuma, nikaendelea na kazi.

Baada ya misa alinipa baraka zake za kwanza, mbele hata ya wajomba zake, na wajomba walinung'unika kidogo. Nilipiga magoti hapo hapo kwenye nyasi. Mikono yake ilinukia mafuta.

Alipangiwa parokia ya juu milimani, si mbali na kwao, mahali ambapo gari linafika kiangazi na masika unamaliza safari kwa miguu. Nilikuwa nikipanda kwenda kuangalia mitambo ya kanisa lake, na ukweli ni kwamba mitambo ile haikuharibika mara nyingi kama nilivyokwenda. Tulikaa barazani kwake tukitazama bustani za kabichi zilivyoshuka ngazi kwa ngazi mpaka mtoni, akinisimulia habari za waumini wake, nami nikimsimulia habari za mjini. Aliwahi kuwahubiria watu ile filamu. Alisimama altareni akawasimulia padri na baiskeli yake, na alipofika mlangoni alisema, padri akamuuliza mwizi kama ameshakula. Hakuwaambia kwamba sehemu hiyo hatukuiona. Nilipomtania, alisema hata Injili nne hazikubaliani kwa kila jambo.

Mwaka mmoja, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, alinipigia simu kwamba amplifaya ya kanisa imeibiwa. Nilipanda siku iliyofuata. Nilikuta wazee wa parokia wamekusanyika nje, wengine wakitaka polisi waitwe kutoka mjini, na wengine wakinong'ona kwamba yuko mtaalamu kijiji cha pili anayeweza kumfanya mwizi avimbe tumbo. Rafiki yangu aliwasikiliza wote, akawaomba wasubiri mpaka Pasaka ipite.

Aliniingiza kanisani. Mlango haukuvunjwa. Kile kitambaa kilichokuwa kinafunika amplifaya kilikuwa kimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya benchi. Nyaya zilikuwa zimeachwa, nazo zilikuwa zimeviringwa, kila waya na mduara wake, ncha imefungwa kwa fundo moja jepesi. Niliokota waya mmoja nikautazama. Ndivyo ninavyoviringa mimi, na katika milima ile yote nilikuwa nimemfundisha mtu mmoja tu kuviringa hivyo. Alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu mzima mwenye sauti nzuri ya chini, aliyegombana na kamati yake miezi michache nyuma, akaacha kuja kanisani. Funguo hakuna aliyekumbuka kumwomba azirudishe.

Nilimnong'oneza rafiki yangu. Alisema, "Najua. Nimeona kitambaa kilivyokunjwa, ni mkunjo wake. Usimwambie mtu."

Mchana ule tulikwenda kwa mwalimu wa kwaya, sisi wawili, kwa njia ya mgongoni mwa kilima. Nilikuwa nawaza ngazi za lile jengo bovu, mlango, na kwamba safari hii kanda haitakatika, nitasikia. Tulipiga hodi. Mwalimu wa kwaya alitoka mwenyewe, akatuona, na uso wake ukabadilika rangi. Alitukaribisha. Mkewe alikuwa mgonjwa, amejilaza kwenye mkeka nje juani, na rafiki yangu alikwenda kwanza kwake, akachuchumaa, akazungumza naye kwa Kiluguru kwa muda mrefu. Kisha tukala viazi na maharage. Walizungumzia mvua, bei ya njegere, binti yao aliyeolewa Matombo, na dawa anazotumia yule mama mgonjwa. Habari ya amplifaya haikutajwa. Nilikaa pale nikiutazama mlango, nikisubiri neno, na neno halikuja. Tulipokuwa tunaaga ndipo rafiki yangu alipomgeukia mwenyeji wetu.

"Jumapili tunaimba bila vyombo," alimwambia. "Watu watahitaji mtu wa kuwaongoza. Njoo."

Yule bwana aliinama kukusanya sahani tulizolia.

Jumapili ya Pasaka nilikuwa bado juu. Kanisa lilijaa mpaka nje, na wimbo wa kwanza ulianza vibaya, kila upande na sauti yake. Kisha nikasikia sauti ya chini ikitokea karibu na mlango, ikiwakusanya watu polepole kama mtu anayeswaga mbuzi bila fimbo. Alikuja mbele akiimba, kofia mkononi, akasimama mahali pake pa zamani. Wazee wa kamati walitazamana, lakini wimbo ulikuwa umekwisha kaa sawa na hakuna aliyetaka kuuharibu. Sijasikia tena kanisa linaimba vile, na mimi ni mtu ninayeishi kwa kuuza vipaza sauti.

Amplifaya haikurudi. Nadhani ilikuwa imekwisha kuuzwa mjini kabla hatujapiga hodi. Wiki kadhaa baadaye nilisikia kwamba mwalimu wa kwaya alikwenda nyumbani kwa padri, wakafunga mlango, wakakaa mchana mzima. Nilipopanda tena nilimuuliza rafiki yangu walizungumza nini. Niliuliza kwa hamu, kama zamani bwenini. Alinitazama kwa upole, akaniuliza kama mama yangu kule Mikese bado anakaanga maandazi.

Nilielewa. Maneno yale yalisemwa kwa padri, na padri hawezi kuyatoa. Lakini nilishuka mlima siku ile nikiwa na uchungu ambao sikuutegemea. Kuna chumba ambacho yeye aliingia na mimi nilibaki nje, na si yeye aliyenifungia.

Sasa nije kwenye mwaka huu. Binti yetu anasoma chuo kikuu cha kilimo hapa hapa Morogoro, na siku moja akiwa nyumbani nilimsimulia ile filamu kwa mara nyingine. Alichukua simu, akaniuliza maswali mawili matatu, na kabla chai haijapoa akanionyesha uso wa yule padri mwenye miwani. Filamu ilikuwepo mtandaoni, nzima, safi kuliko tulivyowahi kuiona. Nilimwambia asiiguse. Sikutaka kuitazama peke yangu.

Nilimpigia rafiki yangu, na yeye akawa na habari yake. Askofu amemwomba aende kutumikia Ulaya, kwenye jimbo ambalo halina mapadri wa kutosha, na amekubali. Anashuka wiki ijayo. Mvi zimemjaa, magoti yanamsumbua, na anapelekwa kwenye baridi. Nilimwambia basi atulie kwetu siku moja kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Alisema ndivyo alivyokuwa amepanga.

Alifika Mwembesongo mchana, na begi moja na koti zito aliloazimwa. Mke wangu alipika wali wa nazi na kuku wa kienyeji. Baada ya kula niliunganisha simu na televisheni, tukakaa kwenye kochi, yeye katikati. Sikujua mikono niiweke wapi. Baiskeli ililia, na sote wawili tukacheka kwa wakati mmoja. Mke wangu, ambaye hakuwahi kuiona, alikuwa akiuliza huyu nani, yule nani, nasi tukimjibu kwa kugombania. Treni ikaenda. Mama mwenye nyumba ya wageni akazungumza. Padri akapanda ngazi, akagonga, mlango ukafunguliwa, nami nilijikuta nasubiri zile chenga.

Hazikuja. Padri alivua kofia. Akazungumza kwa haraka, kwa Kiingereza cha zamani cha puani, na sisi wawili tuliosomea seminarini hatukushika hata nusu. Tulimtazama mke wangu. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena, akatutafsiria. Padri alimwambia mwizi kwamba amechoka, treni ya mwisho imekwisha ondoka, na hana pa kulala. Ndiyo hayo tu. Picha hakuigusia. Mwizi akabaki amesimama pale na kitasa mkononi, halafu akaenda kumtandikia kitanda, na yeye mwenyewe akalala kwenye kiti. Kulipokucha waliondoka pamoja.

Rafiki yangu akasema, "Nilikosea kidogo."

"Wewe ulisema chakula," nikamwambia. "Hukuwa mbali."

"Nilikuwa mbali," akasema. "Mimi nilidhani padri ndiye anayetoa."

Filamu iliendelea hadi mwisho. Hatukuitazama sana.

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza kituo cha mabasi cha Msamvu. Alikuwa amekunja lile koti mkononi kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe. Nilitaka kumwambia mambo mengi, nikamwambia avae soksi mbili mbili. Akasema atafanya hivyo. Akanibariki, hapo hapo kati ya wapiga debe na wauza maji, na hakuna aliyetutazama.

Niliporudi nyumbani mke wangu alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi mezani. Hakuinua kichwa. Aliniuliza, "Ungependa uwe wewe unayesafiri?"

Tumeoana miaka mingi na alikuwa hajawahi kuniuliza swali hilo. Nilivuta kiti nikakaa. Ningeweza kusema hapana, na ingekuwa rahisi kwa wote wawili.

"Kuna siku ningependa," nilimjibu.

"Leo?"

"Leo ndiyo."

Alimaliza daftari alilokuwa nalo, akalifunga, akachukua jingine. Akasema amelijua hilo tangu mwaka wetu wa kwanza, tangu alipokuwa ananiona nashusha miguu kitandani kengele ikilia. Akasema mwanzoni lilimuumiza, alidhani ana mpinzani, na mpinzani mwenyewe ni mtu ambaye yeye hawezi kumkasirikia. Baadaye aliona kwamba nikishashusha miguu, huwa naenda kumchemshia maji ya kuoga. Akasema hayo akiendelea kusahihisha, kalamu nyekundu haikusimama. Nilikaa pale mpaka alipomaliza madaftari yote, ndipo nikaenda kufungua kibanda.

Rafiki yangu hupiga simu Jumapili mchana. Anasema waumini wake ni wazee wachache wanaokaa mbali mbali kanisani, kila mmoja na benchi lake, na kwamba hakuna anayepokea mtu nyumbani bila miadi. Anasema amejifunza kupika supu. Anaulizia mvua, anamwulizia mama, anawataja watu wa parokia yake ya milimani mmoja mmoja, kama huyu hajambo, kama yule amejifungua salama. Sauti yake bado inavuta mwisho wa sentensi. Wakati mwingine mtandao unakatika katikati ya neno, nami hubaki na simu sikioni kwa muda, kisha naiweka chini.

Mwezi uliopita niliitwa juu kwenye parokia yake ya zamani. Spika moja ilikuwa imekufa. Paroko wa sasa ni kijana mchangamfu. Alinikuta uani nikishusha vifaa kwenye bodaboda, akaniuliza kama mimi ndiye fundi, nikamwambia ndiye. Alinionyesha lilipo kanisa, nikamshukuru. Aliondoka na pikipiki yake kwenda kumwona mgonjwa.

Nilibadilisha kilichoungua, nikakaza nyaya, nikawasha. Kanisa lilikuwa tupu, isipokuwa mama mmoja aliyekuwa anafagia upande wa nyuma, khanga imefungwa kiunoni. Nilipanda altareni kujaribu kipaza sauti. Kwa kawaida huwa nahesabu, moja mbili, moja mbili, na sijui kwa nini siku ile sikuhesabu. Nilisema, "Bwana awe nanyi."

Sauti yangu ilikwenda mpaka ukuta wa mwisho ikarudi. Yule mama aliacha kufagia, akasimama wima, akaniitikia kama padri anavyoitikiwa misani, bila kicheko. Kisha akabaki amenitazama, ufagio mkononi, akisubiri kinachofuata.

Sikuwa na cha kufuatisha. Nilimuuliza kama huko nyuma inasikika vizuri.

"Inasikika, baba," alisema, akainama kuendelea na kazi yake.